Vanila ya Msibani

Lori lilikuja asubuhi, likasimama mbele ya banda letu la vanila, likakataa kufungua mlango.

Halina dereva lori hilo. Linapanda lenyewe kutoka Bukoba mjini, linajua kila kona ya barabara yetu, linajua hata pale darajani ambapo ng'ombe hupenda kulala. Kwa hiyo ukitaka kugombana nalo unagombana na bati. Mimi niligombana na bati.

"Fungua bwana!" Nikalichapa kofi la ubavuni. "Jua linapanda, unataka mali iungue hapa nje?"

Kando ya mlango wake kuna tundu la kutosha kuingiza ngumi. Tunaliita Pua. Nilikuwa nimeshatia humo ganda moja la vanila kutoka kreti ya juu, kama sheria inavyotaka, na taa ikawaka nyekundu. Nikatia ganda la kreti nyingine. Nyekundu. Nikachagua lile refu, jeusi, linalong'aa, ambalo hata ukilificha mfukoni chumba kizima kinanukia. Nyekundu vilevile. Na chini ya taa yakatokea maandishi ya Kiswahili safi mno, Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kubishania bei ya dagaa sokoni: *Samahani sana. Shehena hii ina huzuni.*

Nikasoma. Nikarudia kusoma. Kisha nikamwita Novatus kwa sauti iliyotoa kuku migombani.

Novatus ni kijana wa Muleba, ameajiriwa na wakala wa ithibati kutuangalia sisi na kuiangalia Pua. Mpole, msafi, anaamkia watu. Alisoma ule ujumbe akakuna kidevu.

"Ma Adventina," akasema, "nilikuwa naliogopa hili."

"Uliliogopa ukanyamaza?"

"Ningesemaje, mama? Tulikuwa msibani."

Hapo nikashusha mkono niliokuwa nimeuinua kulichapa lori tena. Na mimi kushusha mkono si jambo la kila siku, muulizeni yeyote kijijini kwetu Nyakabanga.

*

Niwaeleze, maana najua wapo watakaodhani natania.

Nchi tajiri za kaskazini zimefanya soko moja lenye mlango mmoja. Ukitaka kuwauzia kitu, upite mlango huo. Zamani walituzuia kwa ushuru, baadaye wakatuzuia kwa dawa za wadudu, baadaye kwa ukubwa wa kreti. Tukavumilia, tukajifunza, tukapita. Siku moja wakaonyeshwa picha za watu waliofungiwa viwandani mahali fulani, wakitumikishwa mpaka wanaanguka. Wakalia machozi ya kweli. Wakaapa kwamba hakuna mtu wao atakayekula tena kitu kilichopita kwenye mikono yenye mateso. Nani atapinga hilo? Hata sisi tulipiga makofi.

Ndipo wakatengeneza Pua. Wataalamu wao waligundua kwamba mwili wenye dhiki hutoa vitu fulani kupitia ngozi, vidogo mno, na vikikuta mafuta hung'ang'ania humo. Ganda la vanila lililokaushwa vizuri limejaa mafuta. Linabeba habari za kila kiganja kilicholikanda, na Pua inazisoma zote. Jasho la jua haijali. Jasho la moyo ndilo inalolitafuta.

Ila Pua haiulizi unalia kwa nini. Anayechapwa na anayezika, kwake wote ni nyekundu. Na vanila ya matangi, ile wanayoipika kwao kwa vijidudu bila mkono wa mtu, hiyo haina wa kulia ndani yake, basi inapita daima. Inabandikwa karatasi nzuri: *Haina huzuni*. Hebu niambieni kama huo si ufundi. Tangu sheria hiyo ije, matangi yao yameongezeka, na mashamba ya jirani zetu yamerudi kuwa pori.

Sisi Nyakabanga tulikuwa tumebaki. Ushirika wetu ulipata cheti kwa sababu ya mtu mmoja, Kemilembe.

Sheria inataka kila ushirika uwe na mkono wa dhamana, yaani mtu aliyeandikishwa ambaye vidole vyake vinapita juu ya kila ganda mwisho wa kazi. Ukimbadilisha, unaanza upya kuomba cheti, na msimu mzima unapita ukisubiri. Vidole vya Kemilembe havina mfano. Analikanda ganda toka shingoni hadi ncha, polepole, mafuta yanakwenda sawasawa, haliachi pindo wala ufa. Na alikuwa mtu wa kucheka. Novatus alipompima mara ya kwanza, taa ilikuwa kijani kibichi hata yeye akashangaa.

Kisha Editruda akafa. Binti wa pekee wa Kemilembe, mwalimu wa chekechea hapo hapo kijijini, mwandiko wake ndio uliokuwa kwenye ubao wa banda letu. Homa ilimshika ghafla, na kabla hatujajua ni homa gani tulikuwa tunachimba kaburi nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Vanila ilikuwa katikati ya kukaushwa. Imeshachovywa maji ya moto, imefungwa mablanketi itoe jasho, imeanikwa, imefika wakati wa kukandwa. Ukiiacha hapo inaota ukungu na mwaka wote umekwenda. Upande mwingine, kwetu mfiwa haachwi peke yake. Nyumba yake inatandikwa nyasi, watu wanakaa, wanalala hapo hapo, na kazi zao zinasubiri. Mtu akikuona unakwenda shambani jirani yako ana msiba, atakukumbuka kwa hilo mpaka uzeeni.

Mimi ndiye msimamizi wa banda. Mimi ndiye niliyesema: basi vanila iende msibani. Na ningesema tena kesho.

Tukabeba kreti kichwani, tukazipanga ukutani sebuleni kwa Kemilembe. Tukakaa juu ya nyasi, mablanketi magotini, tukakanda. Tulitafuna punje za kahawa, tukaimba, tukakanda. Mtu akikumbuka kisa cha Editruda anakisimulia. Kwamba alipokuwa mdogo alikula senene, wale panzi wetu watamu, wabichi akihofia wakikaangwa wenzake watamzidi. Tukacheka mpaka tukalia, tukalia mpaka tukachoka, na vidole havikusimama. Mwenyekiti wetu Rugemalira, kaka yake Kemilembe, mjomba wa marehemu, alikaa kona akikanda na kulia bila kufuta uso. Na Kemilembe mwenyewe aliomba.

"Nileteeni," alisema. "Mikono hii ikikaa bure nitaichoma moto."

Tukampelekea kila ganda. Alilikanda kila moja. Novatus alikuja kutoa pole, akavua viatu, akakaa nasi, naye akakanda. Alijua sheria. Lakini alifundishwa adabu kwao kabla ya kufundishwa Pua.

*

Rufaa yetu ilisikilizwa ofisini kwa ushirika, kwenye kioo cha kuongelea na watu wa mbali. Alitokea mwanamke mwenye nywele nyeupe na macho ya huruma, anaitwa Bi Ingelin, ofisa wa lile Soko la kaskazini. Anasema lugha yake, na mashine inamsemea kwa Kiswahili kilekile cha lori.

"Shikamooni wazee wangu," ikasema mashine. "Nimepokea habari za msiba wenu kwa majonzi makuu."

"Asante," nikasema. "Basi taa iwe kijani."

Rugemalira akanigusa mguu chini ya meza nipunguze.

"Ninachoomba mwelewe," akaendelea Bi Ingelin, "sheria hii iko upande wenu. Hatutaki mtu yeyote afanye kazi akiwa na maumivu. Huyo mama hakupaswa kugusa bidhaa."

"Mfiwa asiguse bidhaa kwa muda gani?"

"Mpaka kipimo chake kirudi kijani."

"Na ale nini wakati anasubiri?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Kwetu mtu akifiwa anapewa likizo yenye malipo," akasema. "Ningeshauri serikali yenu iige."

"Mama yangu, mlifunga mlango wa pamba yetu, mkafunga wa samaki, sasa mnafunga wa vanila. Hiyo serikali itawalipa watu likizo kwa kutumia majani ya migomba?"

"Adventina," akasema Rugemalira.

"Niache niulize moja." Nikakisogelea kioo mpaka nikaona vinyweleo vya kidevu chake. "Huko kwenu, yule anayefunga maboksi, anayeendesha mitambo, anayepanga vitu rafuni. Naye ananuswa?"

"Sheria inahusu bidhaa zinazoingia," akasema Bi Ingelin.

"Zinazotoka hazinuswi?"

"Hazijawahi kuhitaji, mama yangu."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekwambia choo kiko wapi. 

Kisha akatupa njia. Njia ipo, akasema, na ni bure, Soko lenyewe linagharimia. Kuna dawa inaitwa Tulizo. Tone moja chini ya ulimi, na dhiki inaondoka mwilini kwa msimu mzima. Mkono wa dhamana akitumia Tulizo na kuikanda shehena upya, alama za zamani zinafunikwa, Pua inasoma kijani, lori linafunguka. Walishafanya hivyo kwenye mashamba mengi. Watu wanashukuru sana.

"Na msimu ukiisha?" akauliza Novatus. Alikuwa ameketi nyuma yetu, kofia mapajani. "Huzuni inarudi?"

"Hapana," akasema Bi Ingelin, na mashine ikaitia sauti furaha. "Hilo ndilo zuri lake. Iliyopita imepita. Mtu anakumbuka kila kitu, ila hakimuumi."

*

Kasha la Tulizo lilikuja na ndege ndogo isiyo na rubani, likatua uwanjani kati ya mbuzi. Chupa za ukubwa wa kidole, kila moja imefungwa shingoni kwa uzi wenye nta, na kikadi kilichoandikwa kwa lugha zote, yetu ikiwemo: *Imefungwa kwa mikono, kwa upendo*. Nikasema loo, hawa watu hawana hata aibu, huzuni yetu imekuwa marufuku na upendo wao unakuja kwenye kasha.

Rugemalira ndiye aliyetumia wa kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Aliitisha mkutano bandani, akasimama mbele ya watu wake.

"Waitu, ndugu zangu," akasema, "dada yangu hawezi kuambiwa ameze kitu ambacho mimi sijakimeza. Mimi ni mwenyekiti na ni kaka. Ngoja nionje kwanza. Kama ni sumu, mtanizika karibu na Editruda."

Watu wakaguna. Akafungua, akadondosha, akafumba macho. Tulimwangalia wote tukisubiri aanguke, lakini mabega yake yakashuka tu, na ile mikunjo iliyokuwa imemkaa usoni tangu mazishi ikafunguka. Akatabasamu.

"Mbona ni kitu chepesi," akasema. "Sijui tulikuwa tunaogopa nini."

Novatus akampima kiganja kwenye Pua ya lori, lililokuwa bado limesimama pale likisubiri kama mgeni asiyejua kuaga. Kijani. Watu wengine wakashangilia. Siwalaumu. Kila nyumba pale inaishi kwa lori hilo. Nyumba yangu pia.

Kesho yake nilikuwa kwa Kemilembe, nimekaa naye barazani, tunamenya ndizi. Tukasikia mluzi barabarani. Mluzi wa raha, wa mtu anayetoka kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akatokea Rugemalira, kofia kichogoni, anapita. Kwetu hupiti nyumba ya matanga ukipiga mluzi. Hata mlevi hufunga mdomo akifika hapo. Na huyu alikuwa anapita kwenye nyumba ya dada yake.

"Kaka," akaita Kemilembe.

Akasimama, akatabasamu. "Oh, habari za asubuhi! Ndizi hizo ni za hapa nyuma?"

Hapa nyuma ndipo Editruda alipolala. Kemilembe akashika kisu bila kukitumia.

"Umepita kwa mtoto?" akamuuliza.

"Mtoto yupi?"

"Editruda, kaka."

"Aa, Editruda!" Akaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa, kama mtu aliyetajiwa jina la mtangazaji wa redio wa zamani. "Eeh, yule binti. Alikuwa na mwandiko mzuri."

Kisha akaaga, akaendelea na safari yake. Mluzi ukaanza tena kwenye kona.

Huyo ndiye aliyembeba Editruda mgongoni akimpeleka kliniki, mvua ikinyesha, akaanguka kwenye matope na kuinuka naye. Ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Nilitupa ndizi niliyokuwa nayo mkononi hadi kwenye uzio. Nilitaka kumkimbilia nimtikise kaka wa watu mpaka kimtoke kile alichomeza. Lakini kitatokea wapi? Kimeshaingia.

Kemilembe hakutupa kitu. Aliendelea kumenya.

"Lori linaondoka lini?" akaniuliza.

"Acha habari za lori."

"Adventina, nimekuuliza."

"Kesho. Wametuongezea hadi kesho jioni. Lakini wewe humezi kile kitu, umenisikia? Sikupi. Mimi ndiye ninayekaa na kasha."

"Na watu wale nini?"

"Watakula ndizi!"

"Wameshakula ndizi. Watoto wao wanahitaji dawa, wanahitaji daftari, wanahitaji bati." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walikuja kwangu wote. Hakuna aliyebaki kwake. Vanila imeharibika kwa sababu walikuja kulia na mimi. Sasa niwaambie nini? Kwamba kilio changu ni kizuri kuliko ada za watoto wao?"

Nikamwambia ndiyo, uwaambie hivyo. Akaniangalia kwa huruma, yeye mfiwa akinihurumia mimi. Tukamaliza kumenya ndizi.

*

Siku ya mwisho watu walikuja bandani mapema. Hawakumtajia Kemilembe dawa. Walimsalimia, wakampisha, mmoja akamtandikia kanga kwenye benchi. Wema wao ulinitia hasira kuliko kama wangempigia kelele, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaangalia pembeni, na kila mmoja alikuwa anangoja. Rugemalira alikuwa anahesabu kreti na kuimba chini chini.

Kemilembe akakaa. Akanyoosha mkono.

"Lete," akaniambia.

Kasha lilikuwa kwapani mwangu. Jamani, ningefanya nini? Nikimpa, nimemuua Editruda mara ya pili, na safari hii hata mama yake hatajua kama alikuwa na mtoto wa kumlilia. Nikimnyima, nimewafungia majirani zangu mlango wa mwisho waliobakiwa nao, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kama wale wa kaskazini. Nilisimama pale nimekasirika. Nilimkasirikia Bi Ingelin na macho yake ya huruma, nikamkasirikia Novatus, nikamkasirikia hata marehemu kwa kufa msimu wa vanila.

"Sikupi," nikasema. "Hiki kitu kinarudi kilikotoka."

"Adventina!"

"Kinarudi!"

Nikalibeba lile kasha hadi kwenye lori. Sikuwa na mpango wowote wa maana, sitaki mnisifie. Nilichotaka ni kulitupa ndani ya lile bati, liende nalo bandarini, na likienda lisirudi. Lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nikaupiga teke. Maandishi yakatokea: *Tafadhali weka sampuli*.

"Sampuli?" nikapiga kelele. "Haya, sampuli hiyo!"

Nikatoa chupa moja kwenye kasha, haijafunguliwa, uzi wake wa nta shingoni na kikadi chake cha upendo, nikaisukumia Puani kwa nguvu nusura niivunje.

Taa ikawaka nyekundu.

Sikumbuki kama nimewahi kuiona nyekundu kama ile. Yetu ya msibani ilikuwa kama kaa la jioni tu. Hii iliangaza hadi kwenye ukuta wa banda. Na maneno yakatokea, yaleyale, kwa adabu ileile: *Samahani sana. Shehena hii ina huzuni.*

 Novatus akasogea. Akaitoa ile chupa kwa vidole viwili, akatia nyingine. Nyekundu. Akachukua kutoka chini kabisa ya kasha. Nyekundu ileile.

"Ni nta," akasema taratibu. "Nta ni mafuta. Imeshika mikono ya aliyefunga uzi."

"Nani amefunga uzi?"

"Wa huko. Mfanyakazi wa kiwandani kwao." Akatazama vipimo kwenye kioo chake cha mkononi. "Mtu mmoja. Alama ni moja kwenye zote. Sijawahi kuona kipimo kikubwa hivi, mama. Huyu mtu..." 

Nikaanza kucheka, kicheko kibaya, cha hasira. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpelekea Bi Ingelin kwenye kioo chake. Hazijawahi kuhitaji! Nilikuwa nimeshageuka kukimbilia ofisini. Kemilembe akanishika mkono.

"Amefiwa na nani?" akamuuliza Novatus.

"Haijulikani, mama. Pua haisemi."

"Jina lake?"

"Halijulikani pia."

Kemilembe akaichukua ile chupa. Hakuifungua. Aliupitisha uzi ule kati ya vidole vyake, vidole ambavyo vimeshika kila ganda la kijiji chetu, polepole, kutoka fundo hadi ncha. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Ana msiba," akasema. "Ana msiba na wamemwacha kazini. Anafunga uzi peke yake."

Akaniinulia ile chupa.

"Wamemwacha peke yake, Adventina! Hata mtu wa kukaa naye hakuna!"

Na hapo akalia. Alilia kilio kirefu, cha sauti, ambacho tangu lori lilipotukataa alikuwa amekizuia kwa ajili yetu. Akashuka kutoka benchini akakaa chini, chupa kifuani. Mwanamke mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wanaangalia pembeni, akatoka nje na kurudi na nyasi mkononi. Akazitandaza sakafuni. Mwingine akafuata. Safari hii sikutoa amri. Walitandika nyasi banda zima kwa ajili ya mtu wasiyemjua, ambaye pengine hajui nyasi zinatandikwa kwa nini, na wakakaa wakamzunguka Kemilembe.

Novatus akabaki amesimama na kalamu na kile kioo chake cha mkononi. "Niandike nini?" akaniuliza. "Wanataka jibu leo. Nikiandika kwamba amekataa dawa, cheti kimekwisha."

"Andika kilichoandikwa hapo," nikamwambia, nikimwonyesha Pua. "Kasha lao limekataliwa mlangoni kwetu kwa sababu ya huzuni. Waombe radhi sana."

Akaniangalia. Kisha akaandika, neno kwa neno, akatuma, akavua viatu, akaingia kukaa.

Lori lilisubiri mpaka jioni, likageuza, likashuka kwenda mjini tupu. Msimu ulikwenda nalo. Nililitazama likiishia kwenye kona, na sitawadanganya, niliogopa. Nilifikiria nyumba yangu na nyumba za wale waliokaa ndani. Nikalitukana tusi ambalo sitalirudia hapa, nikarudi bandani.

Rugemalira alikuwa amesimama katikati ya wanawake, kofia kichogoni, amepotea kidogo. Alimwangalia dada yake anavyolia, akatuangalia sisi, na lile tabasamu halikumtoka.

"Kuna nini?" akauliza kwa upole. "Mnamlilia nani?"

Kemilembe akamshika mkono, akamvuta mpaka akakaa kwenye nyasi ubavuni mwake. Akamwekea ganda la vanila kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Kaa hapa, kaka," akasema. "Kanda tu. Nitalia na sehemu yako."

Rugemalira akaanza kukanda.